Uso wa Zamu ya Usiku

Jumatatu, 3 Machi. Asubuhi: mawingu mepesi, upepo kidogo, jua limechungulia saa moja likajificha tena.

Nimerudi kutoka kiwanda cha mikate saa moja kasoro dakika tano. Unga hadi ndani ya masikio. Nimekutana na binti yangu mlangoni kama kawaida, yeye anatoka na begi la shule, mimi naingia na viatu mkononi. Mazungumzo yetu ya leo, yote: kaniambia jino lake la mbele linatikisika, nikamwambia asilichezee. Basi. Mwaka wa pili huu tunaonana kama walinzi wanaopokezana lindo. Jumapili ndiyo siku yetu, na Jumapili nasinzia.

Lakini leo kuna habari. Dada anayeuza kaunta ya mbele anaacha kazi. Mwenye kiwanda, mama tunayemwita Tajiri, atachagua mtu mmoja kutoka meza yetu ya kufunga mikate. Kaunta ni kazi ya mchana, saa moja hadi saa kumi. Jioni nyumbani! Anataka mtu mwenye uso mchangamfu, maana mteja huuona uso kabla hajauona mkate. Atatutazama Jumatatu ijayo.

Nimejitazama kwenye kioo cha bafuni. Rangi ya unga uliolala. Mifuko miwili chini ya macho, kila mmoja ungebeba andazi.

Mpinzani ni mmoja tu: Bi Mng'aro. Tunasimama meza moja, mvuke uleule, mikate ileile, na yeye anang'aa kama sufuria iliyotoka dukani. Nimemwuliza anapaka nini. Kajibu kwamba ni maji, dada yangu, na kulala mapema. Mwongo. Nani analala mapema zamu ya usiku?

Jumanne, 4 Machi. Jua kali tangu saa mbili.

Kabla ya kulala nimepitia kwa muuza vipodozi. Nyusi zake zimechorwa kwa uangalifu zaidi kuliko ramani za jiografia. Ameniuzia vikopo viwili, kimoja kina picha ya jua kwenye kifuniko, kingine ya mwezi. Kanieleza kwamba mchana ngozi inapigana: jua, vumbi, moshi. Ndiyo maana inapewa krimu nyepesi yenye kinga ya jua. Usiku ngozi inajitengeneza, kwa hiyo inapewa krimu nzito yenye dawa ya kuondoa ngozi iliyochoka ili mpya ipate nafasi. Akanisihi, shoga yangu, usije ukavichanganya. Nikamjibu kwamba mimi na kuchanganya hatujuani. Naandika shajara tangu kidato cha pili, na sijawahi kukosea tarehe.

Nyumbani nimekaa na kalamu. Nimegundua kosa lake. Yule mama anadhani kila mtu analala usiku. Mimi usiku nipo kazini: vumbi la unga, taa nne juu ya kichwa, joto la tanuri. Huo ndio mchana wangu. Asubuhi nalala. Huo ndio usiku wangu. Kwa hiyo krimu ya jua nitapaka saa tatu usiku kabla ya kuingia kazini, na krimu ya mwezi saa kumi na mbili asubuhi palepale kiwandani, ili ianze kufanya kazi wakati natembea kurudi. Nafika nyumbani ngozi imeshapumzika dakika arobaini.

Nimechora ratiba kwa rula, wino wa rangi mbili. Dada yangu mkubwa, tunayeishi naye na ndiye hubaki na binti usiku, kaitazama akauliza uso wangu umekuwa kituo cha treni tangu lini. Yeye anapaka mafuta ya mgando tangu azaliwe. Ushauri wake siuhitaji.

Jumatano, 5 Machi. Hakuna wingu hata moja.

Ratiba imeanza. Usiku, krimu ya jua imepokea vumbi la unga vizuri kupita kiasi. Kufikia saa saba nilikuwa na tabaka la unga uliokandwa usoni. Mwoka mikate kaniuliza naingia tanurini saa ngapi. Bi Mng'aro kacheka mpaka kafunga mkate mmoja mara mbili. Nimeandika: dosari ndogo.

Asubuhi, krimu ya mwezi. Nimepaka kwa ukarimu, hadi shingoni. Nimetembea nyumbani jua likiniangalia usoni njia nzima. Ikaanza kuchoma kidogo. Nimefurahi, maana dawa isiyochoma haifanyi kazi. Nimefua, nimeanika, nimekaa uani nikingoja shuka zikauke. Kesho nitarudia vilevile.

Ijumaa, 7 Machi. Jua. Sina la kuongeza juu yake.

Uso umebabuka. Mashavu yanawaka, pua inachubuka vipande vipande, paji la uso limekaza kama ngozi ya ngoma. Nikitabasamu nasikia mlio.

Mlangoni binti kanikagua kwa makini. Kauliza kama ninajivua gamba, maana jana walifundishwa nyoka. Ameomba kipande akamwonyeshe mwalimu. Nimekataa. Alipocheka nikaona pengo. Jino lilitoka jana saa tisa alasiri, kasema, ila mama mkubwa alimkataza kuniamsha. Akaenda shule. Alikuwa tayari amelizungumzia hilo jino na kila mtu, limeshakuwa habari ya zamani.

Nimekaa kitandani bila kulala hadi saa tano. Ile kaunta lazima niipate.

Na kwa kuwa uso wangu hautapona kufikia Jumatatu, njia ni moja. Na wa Bi Mng'aro usiwe mzima.

Jioni nimehamisha nusu ya krimu ya mwezi kwenye kichupa kisafi, nikafunga utepe. Nimempa kazini. Nimemwambia apake kabla tu ya kuanza safari ya kwenda kulala, kama nilivyofanya mimi. Sikudanganya hata neno moja. Kautazama uso wangu, kakitazama kichupa, machozi yakamlengalenga. Kasema nimejinyima. Nimejibu kwamba sisi ni kama ndugu.

Jumapili, 9 Machi. Ngurumo tangu alfajiri, mvua yenyewe imepita mbali.

Habari mbaya kutoka kwa mwoka mikate. Jumamosi asubuhi Bi Mng'aro aliondoka kichupa kikiwa bado na utepe wake, na ana mapumziko ya siku mbili, Jumamosi na Jumapili. Maana yake amelala usiku, kama watu wote, na krimu ya mwezi ameipaka usiku, kwa mwezi. Zamu za wiki nzima zimebandikwa ukutani karibu na mlango. Mimi mwenye ratiba yenye wino wa rangi mbili sikuwahi kuzitazama.

Ngozi ya pua imeanza kutoa maji. Dada amenikokota hadi kwa muuguzi wa zahanati, mwanamke mtaratibu. Kanisikiliza hadi mwisho. Kaichukua ratiba yangu, kaisoma yote, kaiweka mezani polepole kama mtu anayeweka yai.

Kasema krimu haijui mtu analala saa ngapi, inalijua jua tu. Ile ya mwezi huiacha ngozi mpya wazi, laini kama ya mtoto, na ukitoka nayo juani unajikaanga. Anayetoka kazini asubuhi apake ile ya jua kabla ya kuvuka mlango. Ile ya mwezi isubiri nyumbani, pazia limefungwa, kisha aioshe na apake kinga kabla ya kutoka tena. Lakini wewe, kasema, ile ya mwezi iache kabisa mpaka nikwambie, na kwa wiki mbili jua ulione kwenye picha. Dada kauliza kama kuna dawa ya kichwa pia. Muuguzi kasema hiyo hawana.

Nimeandika: muuguzi amethibitisha kwamba krimu ina nguvu.

Jumatatu, 10 Machi. Kweupe tangu saa kumi na mbili. Jua la kukomoa.

Tajiri alitupanga mbele ya kaunta zamu ilipoisha. Bi Mng'aro alikuja kutoka nyumbani. Sina haja ya kueleza. Mwoka mikate alimsalimia mara mbili. Naye kasimama akatangaza mbele ya watu wote kwamba krimu kapewa na mimi, dada mwenye moyo wa dhahabu. Tajiri kageuka kumwangalia huyo mwenye moyo. Kauliza uso wangu umepatwa na nini. Nimesema ajali ya kazini, na si uongo sana.

Kisha kasema jambo ambalo sitalisahau. Kwamba alikuja na jina langu kichwani. Kwamba katika miaka miwili sijakosea mkate hata mmoja, na uso hupona. Ila ukuta wa mbele wote ni kioo, na jua hukaa pale kaunta hadi saa sita. Kauliza kama nitaweza kusimama. Nikasema naweza. Kasema tuone.

Nimeingia nyuma ya kaunta. Jua likanipata usoni kama kofi. Akaingia mzee mmoja. Nikamwamkia, shikamoo, akasema marahaba, akaomba mkate mkubwa. Kufika hapo macho yalikuwa yanatiririka na mikono imeufunika uso yenyewe. Mzee kaniambia pole, mwanangu, wote tutakwenda njia hiyo. Alidhani nimefiwa.

Kaunta imekwenda kwa Bi Mng'aro. Nimerudi nyumbani chini ya mwavuli bila tone la mvua. Binti alikuwa ameshaondoka.

Alhamisi, 13 Machi. Ukungu asubuhi, baadaye jua. Sikuliona hadi saa kumi.

Niandike kwa utaratibu. Jana Tajiri aliniita. Mtunza stoo ya unga ameomba kuacha, mgongo. Ni kazi ya mchana, saa moja hadi saa kumi. Stoo haina dirisha. Bi Mng'aro ndiye aliyenitaja, kamwambia Tajiri kwamba huyu dada haliwezi jua, na kwamba mtu anayempa mwenzake krimu huku yeye mwenyewe anachubuka haachwi hivihivi. Nimepokea sifa hizo kwa utulivu. Kwa kweli mpango wangu umefaulu, ila kwa njia ndefu.

Leo nimeanza. Saa kumi na dakika arobaini nilikuwa nyumbani. Binti alikuwa mezani na daftari. Kaniuliza kama naumwa. Nikasema hapana, nimerudi tu. Kalamu akaiweka chini, akaanza kuzungumza, na hakunyamaza hadi giza. Hesabu anazichukia. Rafiki yake ni yule wa dawati la mbele, si yule wa zamani. Jino amelihifadhi kwenye kisanduku cha kiberiti, akanionyesha. Dada kasema nyumba imekuwa na kelele, lakini hakuondoka sebuleni.

Sasa jambo muhimu. Nimekuwa nikiitafakari stoo. Taa ikizimwa siuoni mkono wangu, nimejaribu mara tatu. Kwa hiyo mle ndani ni usiku, tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi. Muuguzi mwenyewe alisema krimu inalijua jua tu, na jua halimo. Bado nina nusu yangu ya krimu ya mwezi. Nikipaka nikiingia stoo, kisha nikipaka tena nikilala, ngozi itapata usiku mara mbili kwa siku moja. Bi Mng'aro pale kaunta ataupata mmoja. Kurudi nyumbani saa kumi ni dakika arobaini tu, sitajisumbua na vitu vidogo. Kesho naanza. Ratiba mpya nimeichora, wino wa rangi tatu. Binti ameshika rula.

Amelala sasa, kichwa juu ya mkono wangu wa kushoto. Bahati naandika kwa wa kulia. Nalala saa tatu na dakika kumi usiku.