Salamu Zinazokula Mafuta ya Pikapu Yangu

Kwa Ndugu Msafiri,
Mwenyekiti wa Kitongoji chetu,
Moa.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: WANANCHI KUTUMIA MAFUTA YANGU KWA NJIA YA SALAMU

Shikamoo. Marahaba yake naomba uniwekee mpaka tutakapoonana, maana siku hizi sina uwezo wa kusimama kuisubiri. Sababu utaiona hapa chini.

Ni mimi Luqmani Hatibu, mwenye pikapu ya buluu yenye mlango mmoja mwekundu. Nakwenda nayo Ngamiani, Tanga mjini, na nazi, napanda nayo kilimani Maramba na samaki wakavu, na kurudi na ndizi. Marehemu baba aliniachia ikiwa gari la heshima, haligusi mafuta ila kwa kuombwa. Sasa inakula kama mgeni aliyeambiwa ajisikie nyumbani. Mke wangu Zuwena, ambaye hana maneno mengi ila yote aliyo nayo ni ya jambo hili, ameniambia kuwa mnunuzi wa vyuma chakavu atapita baada ya Ijumaa. Kama pikapu haijajirekebisha, itaondoka naye vipandevipande. Mwenyekiti, baba yangu alinifundisha gia nikiwa nimekaa mapajani mwake ndani ya gari lile. Siwezi kuliona likikatwa. Ndiyo maana nimeikimbilia ofisi yako.

Kwa kutenda haki, kwanza nilimwona Fundi Wilfred wa Ngamiani. Alifungua boneti, akatazama, akasema chujio la hewa limeziba, plagi zimechoka, tairi hazina upepo wa kutosha, na stata nayo itengenezwe. Nilimshukuru nikaondoka. Fundi Wilfred ni mtu mzuri, lakini kwao ni Lushoto, na mtu wa milimani ni vigumu kuyaelewa matatizo ya pwani. Chujio hilo ni lilelile la enzi za baba, na enzi za baba gari lilikuwa halili. Kilichobadilika ni watu. Malalamiko yangu juu yao ni haya:

1. Salamu zenyewe. Kwa ubovu wa stata, pikapu ikishazimwa haiwaki tena mpaka nisukumwe, kwa hiyo nalazimika kusalimiana injini ikiunguruma. Sasa mchukue Mzee Mselem, anayekaa kwenye benchi lake pale njia panda. Nikimpa shikamoo haishii kwenye marahaba. Anauliza habari za nyumbani, za mama mkwe, za mbuzi, za minazi, za paa la jiko. Kisha anarudi nyumbani tena, safari hii mtoto mmoja mmoja, na akifika kwa binti yangu Najat anapiga kambi. Hajambo? Chuo amemaliza? Mtulivu bado vilevile? Halafu anakohoa, anatazama ndala zake, anasema ana jambo angependa tulizungumze kwa kituo. Kwa kituo, Mwenyekiti, na mshale wa mafuta unashuka mbele ya macho yangu. Namkatiza kwa adabu, namwambia inshallah siku nyingine, naondoa gari. Kesho yake anaanza upya, na mbuzi nao wanaulizwa upya.

Naomba salamu za barabarani ziishie kwenye marahaba. Mwenye ziada anisubiri Ijumaa nje ya msikiti, nitasimama mahali pamoja nisalimiwe ya wiki nzima.

2. Vifurushi. Bi Asmahani, jirani yake Mzee Mselem, haijapita safari bila kunipa kitu nimpelekee dada yake Ngamiani: leo kapu la ndimu, kesho jogoo. Dada mtu hapokei mzigo mlangoni. Lazima niingie, nikae, ninywe kahawa na kashata, huku pikapu inaunguruma kichochoroni na waendesha baiskeli wananitaja kwa majina nisiyoyajua. Nikiaga, napewa kifurushi cha kurudisha. Kwa maneno mengine, kifurushi kinazaa. Na siku hizi Bi Asmahani amevuka mpaka, anatuma vitu hata nyumbani kwangu mwenyewe: leo leso, kesho udi, keshokutwa halua, vyote eti nimpe Najat. Sijui Najat amemfanyia wema gani. Ninachojua ni kwamba halua ni nzito kuliko inavyoonekana.

3. Pilau. Hili nimelichunguza mwenyewe. Nikichukua watu kwenda harusini, pikapu inakwenda vizuri. Nikiwarudisha watu walewale, kwa njia ileile, inakula zaidi. Tofauti pekee kati ya kwenda na kurudi ni pilau. Naomba abiria wangu waombwe kula kwa kiasi, au wale wakishafika kwao.

4. Vigelegele vinavyopigwa nyuma ya gari humshtua dereva, na dereva akishtuka hukanyaga mafuta.

5. Ndoa za kupanda mlima. Hapa ndipo penye kiini, nami naomba uvumilivu wako. Binti wa Maramba akiolewa huku kwetu, kabati lake, magodoro na masufuria yake vinateremka. Hapo hata injini haina kazi kubwa, naigusa breki tu. Lakini binti wa kwetu akiolewa Maramba, vitu vyote hivyo vinapanda, pamoja na shangazi zake, na shangazi wameshakula (tazama lalamiko la tatu). Kisha bibi harusi anakumbuka nyumbani, mama yake anataka kwenda kumwona, wakwe wanaalikana, na kilima kile kinapandwa miaka nenda miaka rudi kwa sababu ya vijana wawili waliopendana bila kuangalia mwinuko. Sina chuki na watu wa Maramba, samaki wangu wananunua wao. Naomba tu kitongoji kipitishe azimio kwamba mabinti wetu waolewe mahali palipo sawa na huku au chini yake. Najua chini yetu ni bahari. Hilo naliachia kamati.

Mwenyekiti, haya yakitekelezwa pikapu itapona, mnunuzi wa vyuma atarudi mikono mitupu, na mimi nitaendelea kuwahudumia wananchi hawahawa, ila kwa kuwapita.

Kwa kuwa karatasi haili mafuta, nisalimie mama watoto, nisalimie bibi na mguu wake, nisalimie wajukuu wote, na yule aliyeota meno majuzi. Msalimie imamu. Wasalimie Mzee Mselem na Bi Asmahani, uwaambie nawaheshimu sana, na uwaulizie mbuzi.

Ni mimi mwananchi wako mtiifu, ninayepita,

Luqmani Hatibu

TANBIHI: Barua hii imelala mezani siku kadhaa kwa kukosa bahasha, na katika kulala kwake yametokea mambo.

Nilipokuwa naandika lalamiko la tano, Zuwena alimpigia simu Fundi Wilfred, akaja kwa bodaboda na mfuko wake wa vifaa. Alilikung'uta chujio la zamani, likatoa vumbi la kutosha kupandia muhogo, akaweka jipya. Akabadilisha plagi, akajaza tairi upepo, akatengeneza stata. Kesho yake nilikwenda Ngamiani na kurudi, mafuta yakabaki mengi hata nikadhani mshale umekwama.

Pale njia panda nikataka kumwonyesha Mzee Mselem kwamba sasa gari linawaka lenyewe. Ili liwake, ikabidi kwanza nilizime. Kukawa kimya. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza mbuzi, akauliza paa, akafika kwa Najat, akakohoa, akatazama ndala zake. Nami kwa mara ya kwanza sikuwa na sababu ya kuondoka.

Mwenyekiti, Mzee Mselem ni mshenga. Ametumwa na wazee wa kijana Sele, mtoto wa kaka yake Bi Asmahani, wanaomba kumposa Najat. Muda wote ule alikuwa anatafuta pa kuanzia, kwa adabu, kama inavyotakiwa, nami namwondolea gari. Kumbe halua ilikuwa na maana yake, na Zuwena alikuwa akijua. Najat naye alijua, na dada mtu wa Ngamiani, na hata Fundi Wilfred. Ni mimi peke yangu niliyekuwa sisikii, kwa ajili ya injini. Nilikaa pale benchini nikatokwa na machozi kidogo, na mzee akajifanya anatazama barabara.

Kijana ni wa Maramba.

Nimemuuliza Najat mwenyewe, akainamisha uso akatabasamu, kwa hiyo wazee wa kijana wameshaambiwa waje. Zuwena naye amemrudisha mnunuzi wa vyuma kabla hajateremka kwenye pikipiki yake. Amesema kabati la mwanawe haliwezi kupanda Maramba kwa gari la kuazima wakati babu yake aliacha gari. Basi futa la tano, na yaliyolitangulia yafuate hukohuko. Barua naituma hivyohivyo kwa sababu zile salamu za mwisho ni za kweli.

Siku ya kumpeleka bibi harusi wewe na mama watoto mtakaa nyuma na wenzenu. Kuleni pilau mshibe, na vigelegele vipigwe tangu Moa mpaka kileleni. Kesho nitapita kwako kuichukua marahaba yangu, na nitazima gari. Ukifika kwa Najat uliza taratibu, maana nyumba itakuwa kimya sana bila yeye, nami sijalizoea wazo hilo. Nimeshajiwekea ahadi kwamba nitakuwa nikipanda Maramba kumwona kila nipatapo nafasi, hata nikiwa sina samaki wa kuuza, na mshale wa mafuta sitautazama.