Koili ya Redio ya Bi Mwanamkisi

Jumanne, 8 Machi 1966

Redio ya Bi Mwanamkisi imekufa! Neema hiyo. Mwanawe Obeid, aliye masomoni Nairobi, atasoma Kurani redioni Ijumaa, na mama hana pa kumsikilizia. Nikamwambia mimi fundi. Akasema ikilia, posa yangu kwa binti yake Alawiya ataitazama upya. (Mara ya kwanza hakuitazama kabisa.) Nimeibeba mpaka kwangu pamoja na betri yake ya gari. Kiuno hoi.

Nimefungua. Subhanallah! Ndani mna ulimi wa chuma unaokata na kuunga umeme wa betri upesi kuliko jicho kuona. Umeme hutoka hapo ukirukaruka, ukapita kwenye koili, yaani waya uliozungushwa kwenye chuma, ukatoka umetulia. Na hakuna kinachosogea! Waya tu! Nimeutazama mpaka uji ukapoa. Koili ndiyo iliyoungua. Inanuka.

Jumatano, 9 Machi

Nimekwenda kwa Abdulqadir, fundi redio, ambaye naye amemposa Alawiya. Nikauliza habari za koili, nikasema namuulizia rafiki yangu wa Mbwajumali. Akauliza rafiki hajambo, na redio ya Bi Mwanamkisi je? Mji huu!

Akanieleza hata hivyo. Koili haichaguliwi kwa sura. Waya uwe mnene, ubebe umeme usipate moto. Mizunguko itoshe. Na chuma cha ndani kiwe kikubwa, maana chuma hushiba sumaku, na kikishiba hakitulizi tena kitu. Chuma kushiba! Nywele zilinisimama.

Akanipa koili bure. Nikakataa. Niingie kwa mkwe na koili ya mshindani wangu? Tena imejaa kutu.

Alhamisi, 10 Machi

Wazo! Chuma hushiba, basi nisitie chuma. Mbao haishibi! Badawi, mchonga milango, amenichongea kipande cha msaji chenye maua na majani. Nikakizungushia waya mnene mpya, unameremeta. Sijapata kuona kitu kizuri namna hii. Majirani wamekuja kutazama. Mzee mmoja wa Wiyoni alishindwa kuondoka, kazi yake mashaallah, mashaallah.

Ijumaa, 11 Machi

Wanawake walijaa ndani, wanaume barazani. Nikaunga betri. Redio ikanguruma, mzinga mzima wa nyuki! Sauti ya Obeid ilikuwamo humo, mbali, inazama. Bi Mwanamkisi akauliza, "Nyuki hawa watoka wapi? Mwanangu yuko wapi?" Akaanza kulia. Niliona haya, wallahi.

Abdulqadir alikuwa barazani, ile koili ya kutu mfukoni. Akang'oa yangu, akatia yake. Ngurumo ikakoma. Obeid alikuwa keshafika aya za mwisho, lakini sauti ilitoka safi, mpaka pumzi zake zikasikika. Kijana yuko Nairobi, anapumua Lamu! Nililia kuliko mama yake.

Jumamosi, 12 Machi

Posa imekubaliwa. Ya Abdulqadir.

Nimetafakari sana, na kosa nimeligundua. Maua yalikuwa mengi mno, umeme ukapotea njia. Badawi pia anaona hivyo.

Bi Mahfudha wa mtaa wa pili ana cherehani, gurudumu lake la ndani limevunjika meno. Ana binti pia. Badawi ameshaanza kuchonga.