Mwepesi Mbele, Mzito Nyuma

Jumapili, 26 Julai

Imetosha! Miaka sita ninakula vumbi la Fabriciano. Kila Agosti tunapanda Puna, ule uwanda wa juu milimani, kwa pikipiki, siku nne za mawe, chumvi, mahema na upepo, na kila Agosti shemeji yangu anatangulia kwa sababu tu yeye ndiye aliyewasha kwanza. Mimi nyuma. Mwaka jana nilirudi hapa Campo Quijano nikaoga mara mbili, na bado asubuhi Delfina, mke wangu, akaufagia mto wangu kwa ufagio.

Leo, nyama ikiwa motoni, nimetoa hoja. Mizigo yote ipimwe Jumamosi kwenye mizani yangu ya makaa. Mwepesi atatangulia, mzito atafunga msafara. Ni kwa usalama wetu sote, nikasema. Mwalimu Wenceslao (jiografia, mstaafu, pikipiki yake ndogo kuliko punda) akasema hoja ni ya kisayansi. Fabriciano akacheka mpaka divai ikamtokea puani. Eti, "Shemeji, yadi yako, mizani yako, kidole gumba chako. Mimi nije na nini, rozari?" Lakini amekubali. Sheria nimeiandika kwenye karatasi ya gunia na wote watatu tumetia sahihi.

Hawajui walichosaini. Mtu aliyeanza na magunia mawili ya makaa na toroli lililopinda, leo ana mizani ya kilo mia tatu. Hashindwi na mchomelea mageti.

Jumatatu, 27 Julai

Kipimo cha kwanza: kilo 26.4. Aibu.

Nimeanza kazi. Mpini wa mswaki umekatwa, gramu 9. Ramani nimeipasua katikati nikaacha upande wa mashariki, gramu 31. Tunakwenda magharibi, mashariki ya nini? Suruali ya pili, nje. Uma, nje. Vigingi vya hema, nje, kwani Puna imekosa mawe? Kufikia saa tisa nilikuwa nimeshuka hadi 23.8.

Delfina alisimama mlangoni akiniangalia nikitoboa matundu kwenye kijiko. Akauliza kwa nini nisianze na tumbo, maana mimi mwenyewe nina kilo 97. Nilimsomea sheria. Imeandikwa "mizigo". Tumbo si mzigo. Akasema yeye ndiye anayelifulia mashati, kwa hiyo anajua kama ni mzigo au si mzigo.

Jumanne, 28 Julai

Siku ya ushindi!

Vitu vya wote lazima vibebwe na mtu. Mtu huyo si mimi. Wavu wa kuchomea nyama una kilo 4.1. Nilimwendea Mwalimu nikamwambia kwamba wavu ni kitu cha heshima, haupewi mtu yeyote tu, unahitaji mtu wa busara. Akanishika mkono. Macho yake yalikuwa yameloa. Sasa Mwalimu anafika 23.1, nimepiga hesabu.

Kisha Fabriciano. Kila mwaka anabeba ngoma yake kubwa ya ngozi ya mbuzi, kilo 5.8, na kila mwaka mimi ndiye ninayepinga. Leo nilimwambia safari bila ngoma ni mazishi. Alizima mashine ya kuchomelea, akainua kinyago. Akaniuliza kama nina homa.

Mwalimu alipita baadaye kumwachia wavu aukate miguu, upungue kidogo. Akate tu. Miguu yenyewe haifiki nusu kilo.

Alhamisi, 30 Julai

Msiba.

Nimepunguza mpaka mwisho. Nimebaki na soksi jozi moja na nusu. Mizani inasema 21.6 na haishuki tena. Nikaona niende kwa Fabriciano, si kupeleleza, kununua bawaba. Nilikuta amening'iniza mizigo yake yote kwenye mizani ya ndoano, ile ya kupimia vyuma. Nikachungulia. 21.3! Pamoja na ngoma!

Nimemzidi uzito kwa gramu mia tatu. Nitakula vumbi la mtu anayebeba ngoma.

Delfina anasema mwaka mmoja zaidi hautaniua. Ndugu yake, lazima amtetee. Nimekosa hamu ya kula. Nilikula empanada sita tu.

Ijumaa, 31 Julai

Nimepata!

Kilichobaki kizito ni hiki: spana na vyuma vya kutolea tairi, kilo 2.4. Tyubu ya akiba na pampu, 1.3. Nguzo za hema, 0.9. Jumla 4.6. Vyote lazima viende, bila hivyo hakuna safari. Lakini sheria haisemi viende kabla ya kupimwa! Nitavificha, nitapimwa na 17.0, kisha nitavirudisha kimyakimya.

Nivifiche wapi? Bandani Fabriciano anaingia kama kwake. Chini ya kitanda, Delfina. Nikakumbuka kazi yangu. Kila mwaka, siku kama ya leo, kesho yake ikiwa Agosti Mosi, mimi ndiye ninayechimba shimo uani la kulisha Dunia, Pachamama, pale palepale chini ya jiwe jeupe. Nani atatia mkono mle? Hata Fabriciano, ambaye haheshimu kitu, anaheshimu shimo lile.

Nimechimba kwa kina kuliko kawaida. Furushi la turubai la kijani lipo chini, udongo mwembamba juu, kisha ubao, kisha jiwe. Ratiba: saa tatu asubuhi kupimwa, saa nne natoa furushi, saa sita Mama mkwe anakuja kulisha. Saa mbili nzima za ziada.

Nilipokuwa bafuni Fabriciano alipita kuazima kamba. Delfina anasema hakukaa.

Jumamosi, 1 Agosti

Niandike polepole, kwa mpangilio.

Saa tatu: Mwalimu yupo. Fabriciano hayupo. Saa tatu na nusu: hayupo. Nikasema nitoe furushi kwanza. Mlango ukafunguliwa, akaingia Mama mkwe, doña Presentación, miaka themanini na mmoja, saa mbili kabla ya wakati, na sufuria la lokro, mchuzi mzito wa mahindi na nyama, mikononi. Akavuta kiti akakaa kando ya shimo. Nikamwambia ndani kuna joto. Akasema hajaja kutafuta joto. Nikamwambia Delfina ana jambo. Akasema Delfina ana jambo tangu azaliwe. Alitufunga wote ule uzi uliosokotwa kwa kushoto, wa kuipita Agosti salama, na hakunyanyuka tena.

Fabriciano akafika saa sita kasorobo, pikipiki imefungwa mizigo, anapiga mluzi. Mama mkwe akasema Dunia haingojei mizani ya mtu, tuanze.

Tukaanza. Majani ya koka kwa mikono miwili. Pombe ya mahindi. Divai. Sigara. Nilipiga magoti pale nikiwaza mafuta kwenye spana zangu, kama yatazuia divai. Kisha akamimina lokro, sufuria zima, na mfupa mkubwa wa ng'ombe ukaangukia chini, ngaa! Sauti ya chuma. Kila mtu aliisikia.

Mama mkwe akaniuliza mimi mchimbaji, ni nini kile. Nifanye nini? Kilichoingia mle ni cha Dunia, hakitoki mpaka Agosti nyingine. Nikasema, mama, nimempa kitu cha kazi yangu. Akanitazama. Akanishika uso kwa mikono yake yenye lokro, akamwambia Fabriciano, "Unaona? Mkwe! Mkwe anatoa chuma chake mwenyewe, wewe mwanangu wa kuzaa umeleta sigara mbili, tena moja umeivuta!" Fabriciano akasema ni kweli, mama, mimi ni mtu duni. Alikuwa ameinamisha kichwa na mabega yanamtikisika. Nilidhani ni toba.

Tukafukia. Mawe juu. Basi.

Baada ya hapo kupima. Mimi 17.0! Mwalimu 19.0, nikampongeza Fabriciano kwa ile miguu ya wavu, kazi nzuri. Na Fabriciano, niandike kwa herufi kubwa, 25.9! Alhamisi alikuwa 21.3! Mtu anajipakia hovyo siku ya mwisho, anadhani mizani ni mchezo. Sikugusa kwa kidole chochote. Mwalimu ni shahidi.

Mimi mbele.

Ila sina spana hata moja. Wala tyubu, wala nguzo za hema. Duka la vipuri lilifungwa saa saba, na la mji wa jirani, Rosario de Lerma, nalo limefungwa. Ningemwambia Fabriciano, lakini kumwambia ni kusema yote, na kusema yote ni kurudi nyuma. Nimekagua tairi. Tairi ni nzima. Kwa nini ipate pancha? Miaka sita nimepata pancha nne tu.

Jumapili, 2 Agosti. Kambini, saa kumi na moja jioni, jua bado lipo

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mimi mbele!

Sijui niseme nini. Hewa! Ina harufu, kumbe, ya majani na mawe baridi. Niliona vikunya, wale ngamia wadogo wa milimani wasio na nundu, ishirini na wawili wakivuka njia. Miaka sita wenzangu wananisimulia habari za vikunya, mimi nilidhani wanasimuliwa tu. Niliimba. Nyuma, kwenye kioo, nguzo ya vumbi, na ndani yake, mahali fulani, shemeji yangu.

Kilomita ya 38 baada ya lami kuisha, pancha. Tairi la nyuma. Limeisha upepo kabisa.

Nilishuka, nikavua kofia, nikatazama milima. Mwalimu akafika, akauliza kuna nini. Nikasema natazama milima. Akatazama tairi, akatazama milima, akasema milima ni ya volkano, na akakaa juu ya jiwe kungoja.

Akaja Fabriciano. Mweupe kama gunia la unga, meno tu ndiyo yanayoonekana. Hakuuliza kitu. Alifungua kamba za ngoma, taratibu, akaiinua ngozi, akatia mkono ndani. Akatoa furushi la turubai la kijani. N. G. kwa rangi nyekundu pembeni. Nolasco Guaymás. Langu!

25.9 toa 21.3. Ni 4.6. Siku nzima tarakimu zote mbili zilikuwa kwenye daftari hili, kwa mwandiko wangu mwenyewe!

Aliniona kupitia ua nikichimba Ijumaa. Kamba ilikuwa kisingizio. Akasema, huku akiipachika pampu, "Ulidhani nitakuacha upande Puna na nusu mswaki? Dada yangu angenichoma mimi mahali pa nyama." Nikamuuliza kwa nini hakunisema pale kwenye mizani, angeshinda kwa gramu mia tatu. Akajibu kwamba miaka sita akiwa mbele, kila kona anageuza shingo kuona kama taa yangu bado ipo. Shingo imemchoka. Huku nyuma anatuona wote wawili, hana wasiwasi. Akasema vumbi linaoshwa.

Vumbi la tairi liliniingia machoni, mbele ya Mwalimu. Tukaziba pancha kwa pamoja. Alipomaliza akanisukuma bega akasema nitangulie, wa mbele ni wa mbele, sheria ni sheria, na mizani ni yangu.

Nikatangulia.

Hapa kambini jambo jingine. Moto tayari, nyama imetiwa chumvi, Mwalimu akamwomba Fabriciano ule wavu aliomwachia Jumanne, akidhani ameubeba yeye. Fabriciano akatazama mawingu. Hakuna mawingu Puna. Ikabidi aseme. Alipotoa furushi shimo lilibaki na kina cha kutisha, Mama angeliona, lazima kitu kiwekwe chini, na mkononi alikuwa na wavu, akienda kumrudishia Mwalimu. Kwa hiyo ile sauti ngaa! ilikuwa kilo 4.1 za Mwalimu. Ndiyo maana 19.0! Nami nilisifu miguu!

Mwalimu akainyunyizia nyama chumvi tena. Kisha akasema wavu ule aliambiwa ni kitu cha heshima, basi umepata nyumba ya heshima. Tumechoma nyama juu ya koleo la kuchotea makaa. Imeungua upande mmoja, upande wa pili bado inalia. Tumekula yote.

Sasa Fabriciano anapiga ngoma, tupu, inalia vizuri zaidi. Nimepata nafasi ya kufikiri. Mambo yako wazi. Yeye anapenda nyuma. Amesema mwenyewe, kuna shahidi. Na ngoma ile ndani ni pana, nimeipima kwa mkono akiwa anatafuta kuni. Furushi langu lilijaza nusu tu. Basi kilo 4.6 tu zilikuwa uzembe wangu. Mwakani nitazika 9.2: furushi, jiko, maji na mfuko wa kulalia, na nitachimba mchana kweupe, upande wa ua ambako shemeji anaona vizuri. Nitapimwa na 12.4. Sitabeba kitu. Nitaruka kama ndege.

Fabriciano ameniuliza ninaandika nini muda wote huu huku natabasamu. Nimemwambia, shukrani.