Cheti Changu cha Ulevi Bora

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi ya Leseni za Malezi,

Salamu nyingi, na pole na kazi. Mimi ni dereva wa lori mstaafu, mtu mzima mwenye mjukuu, na pombe sijaionja tangu nizaliwe. Naomba sentensi hiyo uisome mara mbili, maana ndiyo chanzo cha barua hii.

Mimi na mke wangu tunataka kufungua kituo cha kulelea watoto hapa nyumbani. Watoto tayari wapo: mjukuu wetu, ambaye mama yake ni muuguzi wa zamu, na watatu wa majirani. Mkaguzi wenu ametuambia kwamba tusipopata leseni kabla mwezi haujaisha, watoto wote warudi kwao. Hapo binti yangu itabidi aache kazi. Nikilifikiria hilo, chakula hakipiti.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilihudhuria mafunzo yenu yote, mwanamume peke yangu darasani, kwenye kiti cha chekechea ambacho sikuweza kuinuka bila kuvutwa. Tulipojifunza kubadilisha nepi, mwanasesere wangu aling'oka kichwa. Mkufunzi akaniambia, "Taratibu, babu, hili si tairi." Nilivumilia, nikafaulu kwa kuponea chupuchupu. Cheti kilipotoka kikasema kwamba "amehitimu mafunzo ya ulevi bora wa watoto, na sasa ni mlevi anayetambuliwa." Ni herufi moja tu, Mheshimiwa. Z ilitoka, V ikaingia, nami heshima yangu ikaenda na Z.

2. Nilikipeleka cheti dirishani kwenu. Karani alikisoma, akanitazama macho, kisha akainama kidogo kuninusa. Akasema ofisi haiwezi kumpa mlevi leseni ya kulea watoto. Nikamwambia ni ofisi hiyohiyo iliyonitambua kuwa mlevi. "Ndiyo, mzee," akajibu, "tena kwa mhuri." Eti nikitaka kusahihishiwa, nirudie mafunzo. Kile kiti sikiwezi tena.

3. Mke wangu, badala ya kunionea huruma, alicheka mpaka akakaa chini, halafu akakitia cheti kwenye fremu na kukitundika sebuleni. Sasa walevi halisi wa mtaa wanabisha hodi kuuliza mafunzo hayo yanatolewa wapi. Mmoja alinieleza kwa uchungu kwamba uzoefu anao, alichokosa ni makaratasi tu.

4. Mkaguzi alipokuja alinikuta chini sakafuni, naimba, siwezi kuinuka. Ukweli ni kwamba nilikuwa lori. Watoto walikuwa wamenipakia mito yote ya nyumba, na goti likagoma. Macho yalikuwa mekundu kwa povu la sabuni. Nilijitahidi kumkaribisha vizuri, lakini meno yangu ya bandia yalikuwa mkononi mwa mtoto mdogo kuliko wote, kwa hiyo maneno yalitoka yalivyotoka. Niliposimama, mguu ulikuwa umekufa ganzi, nikayumba mpaka ukutani. Mkaguzi akainua macho akakiona cheti, akatikisa kichwa, akaandika.

5. Zamani ninyi wa serikali mlinikabidhi lori zima la petroli, kwenye miteremko, usiku na mvua. Leo hamnikabidhi hata beseni la kumwogeshea mtoto. Sasa kama ofisi yenu haikosei, nipeni basi leseni inayolingana na cheti, nifungue kituo cha kulelea walevi. Masharti yenu yote yanawafaa vilevile: sakafu isiteleze, kona za meza zifunikwe, wasiachwe peke yao karibu na maji, na jioni kila mmoja akabidhiwe kwa ndugu anayejulikana. Nitaanza na wale wanaobisha hodi.

Lakini nikiacha mzaha, Mheshimiwa, nawataka hawa watoto. Nilipostaafu nilikuwa nakaa sebuleni asubuhi nzima nikisikiliza friji. Sasa sisikii hata simu ikilia, na nina furaha ambayo naona haya kuisema mbele za watu.

Nisalimie karani wa dirishani, mkufunzi, mkaguzi, na yule mwanasesere kama amepona.

Wako mtiifu, mkavu bila tone la pombe,
Babu Breki, kama mtaa unavyoniita.

Nyongeza: Nimemsomea mke wangu barua hii. Aliniuliza ni nani huwalisha, huwaogesha na kuwalaza watoto wakati mimi ni lori. Nikaona niwaulize wenyewe mlezi wao ni nani, wote wakamwonyesha bibi. Nikauliza, na mimi je? Mjukuu wangu akasema, "Wewe tunacheza na wewe, ila ukishindwa unanuna." Nikanuna kidogo. Ukweli, Mheshimiwa, ni kwamba mke wangu naye alipata mafunzo, na cheti chake kilitoka siku ileile, kisafi, na Z yake mahali pake. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania jina kwenye leseni liwe langu, kwa sababu maisha yangu yote nilikuwa na leseni mfukoni, na tangu nistaafu sina leseni ya kitu chochote. Basi iandikeni kwa jina lake. Mimi niandikeni popote penye nafasi, hata upande wa watoto.