Pikapu Yangu na Ponti ya Mzee Twagirayezu

Jumatatu, 6 Machi

Aibu tupu. Mvua ilinyesha tangu jana, na leo pikapu yangu imekwama tena kwenye kilima cha Nzahaha, imebeba mananasi yote ya Dative. Mke wangu huyo. Alishuka, akavua viatu, akangoja.

Aliyetuokoa? Kamali! Nani mwingine? Kamali wa Bugarama, mwenye pikapu kuukuu yenye sura ya kabati. Alitufunga kamba akatuvuta mpaka juu huku anapiga mluzi. Mluzi! Halafu akamwambia Dative, mbele yangu, kwamba gari la Papa Mutoni, yaani mimi, ni zuri sana, kwenye lami. Dative akacheka. Kwangu hajacheka tangu Krismasi.

Kamali alipokwenda kunywa chai niliingia chini ya gari lake. Siri nimeiona. Mbele ana ponti nzima: chuma kimoja kinene, kutoka gurudumu la kushoto mpaka la kulia. Mimi mbele nina vyuma vidogo vidogo, kila gurudumu na maisha yake. Basi. Nami nitaweka ponti nzima. Tutaona nani atavuta nani.

Alhamisi, 9 Machi

Ponti imepatikana! Mzee Twagirayezu, aliyestaafu kazi ya saruji, ana gari bovu la jeep nyuma ya nyumba yake Bugarama. Kuku wanataga ndani. Hakutaka pesa. Anataka nimbebee mchele wake wote msimu huu. Nimeapa. Kwa ponti ile ningeapa kubeba hata nyumba yake.

Nimemwambia Dative gari litapumzika siku mbili. Akauliza, na mananasi ya Jumamosi? Nikamjibu mananasi hayana miguu, hayatakimbia. Alinitazama kama mtu anavyomtazama dereva wa moto, zile pikipiki za abiria, aliyepotea njia.

Jumamosi, 11 Machi

Magaraji ya Kamembe yamekataa kazi. Eti nitaua watu. Waoga! Nimempata Niyigena, anayechomelea milango na madirisha nyuma ya soko. Hajawahi kutengeneza gari, lakini ana sifa moja kubwa: hasemi hapana.

Tumekata mbele yote. Gari limepiga magoti kama ng'ombe. Ndipo balaa likaonekana. Ponti ina tumbo, lile duara lenye meno ya kugawa nguvu. Tumbo la ponti ya Mzee liko kushoto. Gari langu linalitaka kulia. Niyigena akakuna kichwa. Mimi nikalala chini, nikafikiri. Tuigeuze ponti juu chini! Tumbo litahamia kulia lenyewe. Niyigena akasema mimi ni injinia.

Wakati huohuo nani anapita? Kamali. Akainama, akatazama, akaacha mluzi wake.

"Papa Mutoni, ukigeuza hivyo, magurudumu ya mbele yatazunguka kinyume. Ngoja kidogo, nitakutafutia ponti ya kweli Bukavu."

Nimeelewa mara moja. Nikingoja, nani atambeba Dative? Yeye! Nimemshukuru kwa sauti tamu, nikamtakia safari njema. Alipokata kona nikamwambia Niyigena: geuza.

Jumanne, 14 Machi

Nyumba nzima inanuka mananasi. Nusu yameoza. Mengine Dative ameyapeleka sokoni kwa gari la Kamali. Alikaa mbele! Binti yetu Mutoni ndiye aliyenieleza, bila kuulizwa: Maman alicheka njia yote, tangu uwanja wa ndege mpaka sokoni.

Nimekula peke yangu. Maharage, baridi.

Ijumaa, 17 Machi

Ushindi! Gari limesimama kwa miguu yake. Ni refu sasa, refu kuliko la Kamali. Nimelipitisha mbele ya stendi ya mabasi, watu wa moto wote wakageuza vichwa. Usukani una tabia yake. Ukikata kulia, gari linafikiri kwanza. Litazoea.

Dative ameomba kigoda ili apande. Nimemletea kigoda kwa heshima zote. Nguvu ya magurudumu ya mbele sijaijaribu bado. Kwenye lami ni kuiharibu bure. Ninaiwekea kilima cha Nzahaha, mbele ya watu.

Jumapili, 19 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Tulifika chini ya kilima baada ya misa, mvua ikidondoka. Wanawake wa ushirika wa mananasi wa Dative walikuwa pale na vikapu vyao. Mama mkwe, Nyiraneza, alisimama chini ya mwavuli. Kamali alikuwa nyuma yangu, anangoja nipite. Vizuri sana! Nikavuta kile kijiti kifupi cha kando ya gia, nikaingiza nguvu mbele, nikakanyaga mafuta.

Magurudumu ya nyuma yalikwenda mbele. Ya mbele yalirudi nyuma. Gari likabaki palepale, likitetemeka kama mtu wa malaria, likijichimbia kaburi. Mama mkwe aliuliza kama linacheza ngoma. Nikapaza sauti kwamba linapasha moto. Nikakanyaga zaidi. Chini pakalia kishindo, kisha kimya.

Kamali hakucheka. Ningependa acheke! Alikuja polepole akauliza kama nimeumia. Nikamjibu kwamba hayo hayamhusu.

Dative akaruka chini. Kigoda hakukingoja. Akachukua vikapu vyake kimoja kimoja, akavipandisha kwenye gari la Kamali. Nilingoja matusi. Alirudi mpaka mlangoni kwangu, matope mpaka magotini, akasema taratibu:

"Papa Mutoni, miye nilikuwa nataka tu gari ya kufika."

Akaenda. Nilibaki ndani mpaka mvua ikaisha. Faida ya gari refu ni hii: unaona mbali. Niliwaona njia yote mpaka juu.

Jumanne, 21 Machi

Ushirika umempa Kamali mizigo ya msimu wote. Mzee Twagirayezu amepiga simu, mchele wake umelala nje. Nimemwambia mtandao ni mbaya, simsikii.

Jioni Kamali amesimama kwenye lango langu. Ameshusha ponti kutoka Bukavu. Nzuri, tumbo kulia, hata kutu haina. Kasema nisimlipe kitu, jirani ni jirani. Dative alinishika mkono, akaniomba nipokee. Mkono wake ulikuwa wa moto. Siku nyingi hakuwa amenishika.

Nimeikataa! Nipokee, halafu nimwambie asante kila akipita na mluzi wake? Ameibeba akaondoka nayo. Dative ameingia chumbani na Mutoni, wamefunga mlango.

Nimekaa na gari langu, lililovutwa mpaka nyumbani jana, nimefikiri. Na nimeona! Watu wote wanasema ponti ya mbele ndiyo mbaya. Nani kasema? Ya mbele na ya nyuma hazielewani tu, basi. Nikigeuza na ya nyuma juu chini, zote mbili zitakwenda upande mmoja! Nimemwita Niyigena palepale. Amekuna kichwa, akauliza sasa, Patron, gia tano zote zikirudi nyuma, tutakwenda mbele kwa gia gani?

Nimemwambia aanze kufungua boliti.