Kiranja wa Wambeere

Jumatatu, 16 Septemba 1996
Tangazo chuoni! Kila mwanafunzi ataje kabila lake ofisini, wizara inataka hesabu. Kabila likifikisha watu kumi litapata kiranja. Kiranja ana chumba chake na haijui foleni ya chakula. Sisi Wambeere tuko sita. Sita! Hata hivyo nimetuma ujumbe kwa baba kule kijijini Kiritiri kwamba mwanawe Nthiga ameshakuwa kiranja. Kilichobaki ni kabila tu.

Jumanne, 17 Septemba
Wameru wamejaa chuo kizima. Wanne wakihama, nani atajua? Mutegi wa Nkubu kakubali kwa mandazi mawili. Wenzake watatu wakadai na chai. Walafi! Nimewafundisha salamu za Kimbeere. Mutegi ni mwepesi kushika, nikampa ukoo wangu na jina la babu yangu, asije akaumbuka.

Jumatano, 18 Septemba
Karani, Bi Gladwell, akamuuliza Mutegi tangu lini Nkubu ikawa Mbeere. Mutegi akataja ukoo, babu, hadi mto tunaochota maji. Bi Gladwell akaguna: "Mimi naandika tu ile nimeambiwa." Tumefika kumi! Kura kesho.

Alhamisi, 19 Septemba
Mutegi kura tisa. Mimi moja, na naijua ilikotoka. Hata Wambeere wa kuzaliwa wamesema Mutegi ana adabu, mimi naringa. Nimelia chooni. Na keshokutwa baba anakuja! Sina pa kuuficha uso.

Jumamosi, 21 Septemba
Baba kafika na mchungaji na mguu wa mbuzi, kumpongeza kiranja. Mutegi akawapokea langoni kwa Kimbeere nilichomfundisha mimi. Lafudhi ya Nkubu tupu, lakini baba akasema ndivyo wanavyoongea waliosoma. Akamuuliza ukoo. Akautaja. Akamuuliza babu. Akamtaja! Baba akafuta machozi: "Huyu sasa ndiyo kijana ya kwetu." Akampa mguu wote. Kisha akanigeukia, akataka kujua kwa nini nilimdanganya hadi akatangaza mbele ya kanisa zima. Wakala chumbani kwa kiranja. Mimi niliwanawisha mikono. Heri ningezaliwa bila kabila.

Jumapili, 22 Septemba
Wizara tena! Sasa inataka madhehebu, na kila dhehebu lenye watu kumi litapata kiranja. Wasabato wako watatu tu. Tangu adhuhuri mimi ni Msabato. Wanahitajika sita wengine, nimeshapeleka mandazi. Wa kwanza kukubali ni Mutegi. Ni mwepesi kushika. Jioni hii nimemfundisha nyimbo nne na namna ya kuomba.