Mshirika wa Tanuri

Jumatatu, 7 Machi 1983. Moroni.
Nimepigwa kalamu! Mimi, Fakih, niliyekanda unga wa mji huu miaka sita, tangu sisi Wakomoro tuliporudi kutoka Mahajanga, kule Madagaska! Bi Dhakia, mwenye tanuri la mikate, kaniambia nitoe miguu yangu dukani. Kisa? Mikate sitini niliyopeleka harusini Ikoni bila kumwuliza. Sasa mwanamume aende harusini mikono mitupu? Tena kwa Mzee Mouigni, baba yake Saandia, mchumba wangu! Niliketishwa safu ya mbele. Mbele kabisa! Nikamweleza mzee kwamba mimi na Bi Dhakia ni washirika. Haukuwa uongo mkubwa.

Jumanne, 8 Machi.
Nimekwenda kwa mkaguzi wa kazi, Bwana Maoulida. Kasema kesi yangu nyepesi: mfanyakazi hafukuzwi hivi hivi, bila barua wala onyo. Nitarudishwa kazini! Natakiwa kutamka jambo moja tu mbele ya Bi Dhakia: kwamba mimi ni mfanyakazi wake na yeye ndiye huniamrisha. Hilo tu? Nimecheka njia nzima. Jirani yangu Ousseni kasema nisicheke mapema. Wivu.

Jumatano, 9 Machi.
Nimekutana na Saandia sokoni, yuko na shangazi yake. Kumbe anajua! Amewahi kuniona na gunia mgongoni, unga mpaka kwenye kope. Kasema hilo si neno kwake, anataka mume mwenye kazi. Nimwambie baba yake ukweli leo hii. Maskini, mapenzi yamempofusha! Nimemtuliza: kesi itakwenda kimya, mzee hatajua kitu.

Alhamisi, 10 Machi.
Mwanamke yule ni nyoka! Kaingia ofisini kwa mkaguzi na shahidi. Nani? Mzee Mouigni! Bi Dhakia kasema kwa upole kwamba mimi ni mshirika wake, mzee kanisikia kwa masikio yake, na mshirika hafukuzwi, washirika huachana tu. Maoulida kaniuliza nani hunipangia saa za kazi. Mzee kanikodolea macho. Nikasema hujipangia mwenyewe. Maoulida karudia, pole pole, nifikiri vizuri: nani huniamrisha? Nikasimama. Nikasema hajazaliwa wa kumwamrisha Fakih! Hata askari mzungu wa kizuizi cha barabarani huniita "patron", yaani bosi, nikipita na mikate!
Maoulida kavua miwani, kafunga faili. Sheria ya wafanyakazi hainihusu, kasema. Lakini mzee kanipa mkono! Mikono yote miwili! Nimetoka kichwa juu. Halafu nikapita nyuma ya tanuri, mikate inatoka, harufu ile… Imeniuma, sikatai.

Jumamosi, 12 Machi.
Saandia kaleta salamu kupitia shangazi yake. Atamngoja Fakih mwoka mikate mpaka Idi. Huyo mshirika asiye na tanuri hamjui.

Jumatatu, 21 Machi. Mutsamudu.
Nimevuka bahari mpaka kisiwa cha Nzwani, na nimepata kazi! Kwa Mouhidine, mwoka mikate wa mtaa wa Hombo. Nabeba kuni, nafagia majivu. Kanipa karatasi nitie saini, imeandikwa "mfanyakazi". Nimeirudisha. Baina ya wanaume neno latosha.
Jioni nimemwandikia Mzee Mouigni barua nzuri, ili Saandia naye asomewe. Nimewajulisha kwamba nimefungua tawi Mutsamudu.